Vance na Newsom Wakikutana 2028: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kubashiri Urais wa Marekani

Maswali ya safari hii yote yanazunguka jambo moja: fulani akisimama na fulani katika uchaguzi wa Marekani, nani atatoka mshindi? Yenye hesabu ndani yake tumeyajibu kwa urefu. Mengine yametosheka na mistari michache.

SWALI: Tuseme mwaka 2028 chama cha Republican kimemsimamisha JD Vance, na chama cha Democratic kimemsimamisha Gavin Newsom wa California. Nani anashinda? Naomba jibu lenye hesabu, siyo "tusubiri tuone."

JIBU: Kwa hesabu iliyopo ni nusu kwa nusu, na inatoka hivi.

Weka majina pembeni kwanza, ushike ramani. Rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima. Anapatikana kwa kura za wajumbe: kila jimbo lina fungu lake, na kwa kawaida anayeshinda jimbo hulibeba fungu lote. Zote ni 538, na mshindi ni anayefikisha 270. Mgawo wa kura hizo kwa kila jimbo unatokana na sensa ya 2020. Ndio uliotumika 2024 na ndio utakaotumika 2028: California 54, Texas 40, Florida 30, New York 28, Pennsylvania 19, hadi majimbo madogo kabisa yenye 3.

Mwaka 2024 Donald Trump alipata 312 na Kamala Harris 226. Mpe Vance hizo 312 na Newsom hizo 226 kama mtaji wa kuanzia. Kisha yapange majimbo aliyoshinda Trump, ukianza na lile aliloshinda kwa tofauti ndogo zaidi: Wisconsin pointi (yaani asilimia) 0.9, Michigan 1.4, Pennsylvania 1.7, Georgia 2.2, Nevada 3.1, North Carolina 3.2, Arizona 5.5. Sasa mwongezee Newsom moja baada ya jingine. Wisconsin ina kura 10, anafika 236. Michigan 15, anafika 251. Pennsylvania 19, anafika 270. Ameshinda, na hana hata kura moja ya akiba.

Hapo simama uangalie vizuri. Ndani ya zile 226 za Harris kuna kura moja iliyotoka Nebraska, jimbo ambalo kwa ujumla ni la Republican. Nebraska na Maine ndiyo majimbo mawili pekee yanayogawa kura zake: 2 kwa mshindi wa jimbo zima, na 1 kwa mshindi wa kila wilaya ya ubunge. Wilaya ya 2 ya Nebraska, yenye jiji la Omaha, ilimpa Harris kura hiyo. Newsom akiyabeba yote matatu ya kaskazini lakini akaiangusha Omaha, matokeo ni 269 kwa 269. Watu wengi wanaobashiri huisahau kura hii moja, kisha wanashangaa hesabu zao hazifungi.

Kwa hiyo swali lako linabadilika na kuwa hili: je, Newsom anaweza kuisogeza Pennsylvania kwa zaidi ya pointi 1.7 kuliko alivyofanya Harris? Tofauti ilikuwa kura kama 120,000 katika jimbo ambako watu karibu milioni 7 walipiga kura. Watu 60,000 na ushei wakihama upande, jimbo limegeuka.

Upande wa pili wa ramani usiuache. Vance naye anaweza kuongeza. Majimbo aliyoshinda Harris kwa taabu zaidi ni New Hampshire, chini kidogo ya pointi 3, na Minnesota, kama pointi 4. Nyuma yao zimo Virginia na New Jersey, karibu pointi 6 kila moja.

Ukiisha kupata ramani, ndipo uwalete watu. Vance angekuwa makamu wa rais aliye madarakani, na historia ya watu wa cheo hicho si ya kujivunia. Tangu Martin Van Buren mwaka 1836, makamu aliye kazini aliyeshinda urais ni mmoja tu, George H. W. Bush mwaka 1988. Richard Nixon 1960, Hubert Humphrey 1968, Al Gore 2000 na Kamala Harris 2024 wote walianguka. Lakini hao ni watu wachache mno kujengewa kanuni, na Nixon na Gore walikosa kwa upenyo mdogo sana. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba makamu hubeba mzigo wa bosi wake. Angalia asilimia ya Wamarekani wanaoridhika na kazi ya rais miezi sita ya mwisho. Rais akiwa na 50 au zaidi, mpe Vance nafasi ya mbele. Akiwa chini ya 42 au hapo, hata mgombea wa kawaida wa Democratic anaweza kuzipata zile pointi 1.7. Tahadhari moja: usiichukue namba ya mapema. George H. W. Bush aliridhiwa na karibu asilimia 89 mwanzoni mwa 1991 baada ya vita vya Ghuba, na mwaka uliofuata aling'olewa kwa asilimia 37 ya kura.

SWALI: Mgombea akiongoza nchi nzima kwa pointi 2, hiyo haitoshi?

JIBU: Inategemea pengo kati ya nchi nzima na lile jimbo linalomfikisha mshindi kwenye 270. Pengo hilo halikai mahali pamoja. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimpita Trump kwa pointi 2.1 nchi nzima, lakini Wisconsin akaipoteza kwa chini ya pointi 1: pengo la karibu 3. Mwaka 2020 Joe Biden aliongoza kwa 4.5 kitaifa, na Wisconsin akaipata kwa 0.6 tu: pengo la karibu 4. Mwaka 2024 Trump alishinda kitaifa kwa 1.5 na Pennsylvania kwa 1.7, kwa hiyo pengo karibu limefutika.

Limefutika kwa sababu chama cha Democratic kilipoteza kura mahali ambapo hazibadilishi mshindi. New York, tofauti yake ilishuka kutoka kama pointi 23 hadi 13. New Jersey, kutoka 16 hadi 6. Florida, iliyokuwa ya Republican kwa 3, ikawa 13. Wakati huohuo Wisconsin ilisogea pointi moja na nusu tu. Anayechukua mabadiliko ya kitaifa na kuyapaka sawasawa majimbo yote angekosea 2024 kwa kiasi kikubwa, maana nchi ilisogea pointi 6.

Kwa mpambano wa kubuni, fanya hesabu mara mbili: moja kwa pengo la 2020, moja kwa pengo la 2024. Uongozi wa pointi 2 unamwangusha Democratic katika ya kwanza na kumpa urais katika ya pili. Matokeo yakigeuka hivyo, basi jibu lako la kweli ni kwamba hujui, na kuliandika hivyo ni bora kuliko kuchagua pengo linalokupendeza.

SWALI: Nimeona kura ya maoni ambayo mgombea mmoja wa Democratic anamshinda mpinzani wake 48 kwa 43, na mwenzake wa chama hichohicho anashindwa na mpinzani yuleyule 41 kwa 43. Si dhahiri kwamba wa kwanza ndiye anayefaa?

JIBU: Tazama safu ya mpinzani. Ni 43 kwa wa kwanza, na ni 43 kwa wa pili. Hakuna hata mtu mmoja aliyemkimbia mgombea wa pili akaenda ng'ambo. Tofauti yote iko kwa wasioamua: 9 katika swali la kwanza, 16 katika la pili. Na kwa kawaida, mwaka mmoja au miwili kabla ya uchaguzi, hao ni watu ambao hawajamjua mgombea.

Fungua jedwali la ndani la kura hiyo, lile linalogawa majibu kwa vyama. Ukikuta wengi wa hao 16 ni wafuasi wa chama chake mwenyewe, wahesabu kama wamesharudi nyumbani. Watarudi akishateuliwa. Wakiwa ni watu wasio na chama, waache katikati. Halafu tafuta swali la kama wanamjua. Mtu asiyejulikana na asilimia 35 ya wahojiwa hapimwi yeye. Kinachopimwa ni jina la chama chake.

Dalili ya udhaifu wa kweli ni tofauti na hiyo: mpinzani kupanda kutoka 43 hadi 47 mgombea wa pili anapotajwa. Hapo kuna watu wanaomfahamu na wamemkataa. Namba hiyo ndiyo ya kuogopa, hata kama mgombea bado anaongoza.

Angalia pia maswali yaliulizwa kwa mpangilio gani. Mhojiwa akishaulizwa majina manne dhidi ya mtu mmoja, jina la tano hulijibu kwa uchovu. Makampuni mazuri huchanganya mpangilio kwa kila mhojiwa, na husema hivyo katika maelezo yao.

Na hata mpambano ukiwa wa kweli, wa wagombea walioteuliwa, uongozi unaweza kuyeyuka. Mwishoni mwa Julai 1988, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, Michael Dukakis alimwongoza George H. W. Bush kwa pointi 17. Novemba Bush alishinda kwa karibu pointi 8, kura za wajumbe 426 kwa 111.

SWALI: Wanaandika "kiwango cha makosa ni 3." Anayeongoza kwa 4 amevuka salama?

JIBU: Hajavuka. Ile 3 ni ya asilimia ya mgombea mmoja mmoja. Kwa tofauti kati ya wagombea wawili, ongeza karibu mara mbili, yaani kama 6.

Namba za kukumbuka: watu 600 hutoa kiwango cha 4, watu 1,000 hutoa 3.1, watu 2,400 hutoa 2. Kukipunguza kwa nusu unahitaji kuwahoji watu mara nne zaidi, ndiyo maana kura za majimbo hukwama kwenye 600 au 800. Ukisoma vipande, kwa mfano "vijana wa Arizona," umebaki na watu 80 au 100, na hapo kiwango ni karibu 10 au zaidi. Usijenge hoja juu ya namba hizo.

Kiwango hicho kinahesabu bahati ya kuchagua wahojiwa tu. Hakihesabu watu waliokataa kujibu, na tatizo kubwa liko huko. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya kadi zaidi ya milioni 2 na kutangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kura za wajumbe 523 kwa 8. Majina yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na walioamua kurudisha kadi hawakufanana na nchi. Mwaka 2016 kura nyingi za maoni za majimbo hazikusawazisha wahojiwa kwa elimu, na waliosoma vyuo hujibu zaidi na walimwelekea Clinton. Mwaka 2020 wengi walisawazisha, na bado makosa ya kitaifa yalikuwa makubwa kuliko miaka 40 iliyotangulia. Kura moja ya maoni ya Wisconsin ilimpa Biden uongozi wa 17 siku chache kabla ya uchaguzi. Alishinda kwa 0.6.

Na kampuni yenye jina zuri haina kinga. Kura ya mwisho ya maoni ya Iowa mwaka 2024, iliyosubiriwa na kila mtu kwa rekodi yake ya miaka mingi, ilimweka Harris mbele kwa 3. Trump alilichukua jimbo kwa 13. Iliyokwenda kombo ni kura moja. Waliochanganya kura nyingi hawakupotea kiasi hicho.

SWALI: Nina kompyuta na programu ya majedwali. Nifanyeje ubashiri wangu mwenyewe?

JIBU: Kwanza, wastani. Kusanya kura za maoni za miezi miwili kama uchaguzi uko mbali, au wiki tatu kama kampeni zimepamba moto. Kila kampuni ichukuliwe mara moja, kwa kura yake ya karibuni, la sivyo kampuni inayotoa namba kila juma itaumeza wastani wako. Zilizolipiwa na kampeni ziache nje, kwa kuwa hutolewa hadharani zikipendeza na kufungiwa zikiumiza. Uzito wa kila kura uwe kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa: yenye watu 2,400 iwe na uzito mara mbili ya yenye 600, siyo mara nne. Usichanganye kura za waliojiandikisha na za wanaotarajiwa kupiga kura bila kuweka alama. Ni makundi mawili.

Pili, wasioamua. Wagawe nusu kwa nusu, lakini andika idadi yao pembeni. Uongozi wa 44 kwa 41 wenye watu 15 hewani si sawa na 49 kwa 46 wenye watu 5.

Tatu, geuza uongozi kuwa uwezekano. Chukua uongozi, gawanya kwa ukubwa wa makosa unayoyakubali, kisha soma jibu kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida (normal distribution). Kwa uongozi wa pointi 3: ukikubali makosa ya 2, unapata asilimia 93, ukikubali 4, asilimia 77, ukikubali 8, asilimia 65. Kwa siku za mwisho sisi tunatumia 4. Kwa mpambano wa kubuni ulio mwaka mmoja au miwili mbele tunatumia 8, na hatuoni aibu kwa namba kubwa hiyo. Wengi hutumia 2, na ndipo wanapotangaza ushindi ambao haupo.

Nne, na hapa ndipo kazi ilipo: majimbo hayakosei kila moja kivyake. Tuseme mgombea ana asilimia 70 Wisconsin, 70 Michigan na 70 Pennsylvania, na anayahitaji yote matatu. Ukizidisha, unapata asilimia 34. Hesabu hiyo ni ya uongo. Majimbo hayo yamekwenda pamoja katika kila uchaguzi tangu 1992, na kura za maoni zikikosea moja hukosea yote kwa upande uleule. Jibu sahihi liko karibu zaidi na 70 kuliko 34.

Kwenye jedwali fanya hivi. Kila mstari ni uchaguzi mmoja. Safu ya kwanza iwe kosa la kitaifa, namba ya kubahatisha yenye mtawanyiko (standard deviation) wa 3, itakayoongezwa kwa majimbo yote ya mstari huo. Safu ya pili iwe kosa la kanda, mtawanyiko wa 2, kwa yale matatu ya kaskazini, na nyingine kama hiyo kwa Georgia na North Carolina, na nyingine kwa Arizona na Nevada. Kisha kila jimbo lipate kosa lake, mtawanyiko wa 2. Vikijumlishwa vinakaribia ile 4 ya juu. Jumlisha kura za wajumbe za kila mstari, nakili mistari 10,000, hesabu mingapi imefika 270. Usisahau kuipa Omaha safu yake.

Ukiona jibu linaruka kutoka 50 hadi 90 kwa kuongeza pointi 2, rudi kwenye safu ya kosa la kitaifa. Mara nyingi fomula imetengeneza namba mpya kwa kila jimbo badala ya kusoma ile moja ya mstari.

SWALI: Mwaka 2016 wabashiri walimpa Clinton asilimia 71, akashindwa. Si walidanganya?

JIBU: Asilimia 29 hutokea karibu mara tatu katika kumi. Waliostahili lawama ni waliompa 98 au 99, na kosa lao lilikuwa hilohilo la kudhani majimbo hukosea kila moja kivyake.

SWALI: Obama akisimama na Trump, nani?

JIBU: Hakuna mpambano wa aina hiyo. Marekebisho ya 22 ya Katiba, ya mwaka 1951, yanakataza mtu kuchaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili, na wote wawili wameshachaguliwa mara mbili. Kabla ya kubashiri, pitisha kila jina kwenye chujio hili: raia wa kuzaliwa, umri wa miaka 35, ukaazi wa miaka 14 Marekani, na hajachaguliwa mara mbili.

SWALI: Ikiwa 269 kwa 269 kweli, nani anaamua?

JIBU: Baraza la Wawakilishi jipya, lile linaloanza Januari baada ya uchaguzi. Wabunge hawapigi kura mmoja mmoja. Kila jimbo lina kura moja, na anayefikisha 26 kati ya 50 ndiye rais. Wyoming yenye mbunge mmoja inalingana na California yenye 52. Jimbo ambalo wabunge wake wamegawanyika sawasawa halihesabiki kwa yeyote, na Washington DC, iliyo na kura 3 za wajumbe, hapa haina kitu. Makamu wa rais huchaguliwa na Seneti. Baraza lilimchagua rais kwa njia hii mara ya mwisho baada ya uchaguzi wa 1824, likampa John Quincy Adams.

Kwa ubashiri wako, usiigawe sare nusu kwa nusu. Hesabu chama kipi kina wabunge wengi katika majimbo mangapi, kisha mpe mgombea wa chama hicho mistari yote ya 269.

SWALI: Mgombea wa tatu tumweke wapi?

JIBU: Mweke, lakini mpunguze. Wengi husema watampa kura kiangazi, na Novemba wanarudi kwenye vyama vyao. Gary Johnson alizunguka kwenye asilimia 8 hadi 9 katika kiangazi cha 2016 na akamaliza na 3.3. Punguza nusu au zaidi ya kile unachokiona, urudishe kilichobaki kwa wale wawili. Hata Ross Perot, aliyepata karibu asilimia 19 ya kura mwaka 1992, hakuambulia mjumbe hata mmoja.

Bado usimfute. Florida mwaka 2000 iliamuliwa kwa kura 537, na Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000 katika jimbo hilo.

SWALI: Mgombea mwenza akitoka jimbo lenye ushindani, analileta?

JIBU: Usimpe zaidi ya pointi moja. Paul Ryan hakuileta Wisconsin 2012, wala John Edwards hakuileta North Carolina 2004. Al Gore, aliyekuwa mgombea urais mwenyewe, aliipoteza Tennessee ya kwao mwaka 2000. Angeishika, asingeihitaji Florida.

SWALI: Ni lini nianze kuziamini kura za mpambano?

JIBU: Baada ya mikutano mikuu ya vyama kupita na ile joto yake kupoa, yaani kuanzia katikati ya Septemba 2028. Uchaguzi wenyewe ni Jumanne tarehe 7 Novemba. Kabla ya hapo, kwenye faili lako andika tarehe kando ya kila namba, na majina ya wagombea wote wawili kwenye kichwa cha safu. Biden alipojitoa tarehe 21 Julai 2024, kura zote zilizompambanisha na Trump zilikufa siku hiyohiyo, na waliokuwa wamezichanganya kwenye safu iliyoandikwa "Democratic" walilazimika kuanza upya.